Somo: Mpinzani akikutolea askari kwenye ufunguzi, ule au uache?

Wadau, leo ni gambiti, yaani kumtolea mpinzani askari mapema ili upate nafasi nzuri au zamu. Wengi wetu hapa Dodoma tumeingia kwenye chesi tukitokea kijiwe cha drafti, na kule sheria haina huruma: kete ikiwa wazi, lazima ule. Ndiyo maana mtu akiachiwa askari, mkono unakwenda wenyewe kabla kichwa hakijafika. Kwenye chesi hakuna anayekulazimisha. Unaweza kula, unaweza kuacha, na unaweza kula halafu ukarudisha. Hiyo ya tatu ndiyo watu hawaifanyii mazoezi, nami nitaikalia zaidi.

Wekeni ubao mezani. Herufi na namba ni jina la mraba, mweupe hutangulia, na pasipotajwa kete ni askari anayesogea. Somo hili halisomeki kwenye daladala.

1. Hakikisha kwanza kama kweli umepewa kitu

Gambiti ya Malkia (d4 d5, kisha c4) ni gambiti kwa jina tu. Mweusi akila c4 asikubali kuachia, mambo yanakwenda hivi: e3 b5, a4 c6, mweupe anakula b5, mweusi anakula b5 kwa askari wa c, halafu malkia mweupe anatua f3. Fuateni mstari wa mshazari kutoka f3 hadi a8. Ngome imebaki uchi. Mweusi ataiokoa, lakini kwa kutoa farasi au askofu. Kwa hiyo hapa mweupe hajatoa chochote. Amekopesha kwa zamu chache tu.

2. Hesabu zamu

Kipimo cha wakongwe ni askari mmoja kwa zamu 3. Si sheria, ila kinasaidia kupoza tamaa.

Chukua Gambiti ya Denmark: e4 e5, d4 mweusi anakula, c3 anakula tena, askofu c4, anakula b2, askofu mweupe anakula b2. Simama hapo. Mweusi yuko mbele kwa askari 2. Sasa tazama kete zenyewe: maaskofu wawili wa mweupe wameshatoka, mmoja anaikodolea f7 na mwingine g7, wakati mweusi hajatoa kete hata moja nyuma ya askari wake. Hiyo ni gambiti yenye hoja.

Linganisha na Gambiti ya Englund, inayopendwa sana na wanaocheza kwenye simu: d4 e5, mweupe anakula e5, farasi c6, farasi f3, malkia e7. Mweusi amepata nini kwa askari wake? Farasi mmoja nje, basi, na mweupe naye katoa wa kwake. Tena malkia amemzibia askofu wa f8 mlango.

3. Jiulize: akijibu vizuri, nabaki na nini?

Endelea na Englund. Askofu f4, malkia b4 cheki, askofu d2, malkia anakula b2. Mweupe anawashwa kumpiga malkia kwa askofu c3. Usiguse! Askofu mweusi anakuja b4. Ukimleta malkia d2, mweusi anakula c3, nawe ukila kwa malkia, malkia wake anashuka c1 na ni chekimeti. Nimeona mtu akiutazama ubao huo dakika nzima akitafuta mfalme wake atokee wapi.

Jibu sahihi halina mbwembwe: badala ya askofu, weka farasi c3. Mweusi akija askofu b4, ngome b1. Malkia anakimbilia a3. Farasi anaruka d5. Askofu wa b4 anapigwa, na c7 inanukia cheki inayochukua na ngome. Mweusi anayejua atabadilisha maaskofu pale d2, lakini mfalme wake atalazimika kuilinda c7 mwenyewe, na kuingia ngomeni (mfalme na ngome kusogea kwa zamu moja ili mfalme ajifiche) ndiyo basi tena.

Hukumu yangu: Englund ni mtego uliovaa kanzu ya gambiti. Denmark hata ukijibiwa vizuri, unabaki na mchezo.

4. Ukila, jua utarudisha lini

Askari wa gambiti ni mkopo wa kausha damu: ukichelewa kurudisha, wanakuja kubeba hadi kitanda. Turudi kwenye Denmark, mweupe ameshakula b2. Mweusi anasukuma d5! Askofu anakula d5. Farasi f6! Mweupe anaona raha: askofu anakula f7 kwa cheki, mfalme anakula, malkia mweupe anakula malkia pale d8. Halafu askofu mweusi b4, cheki, na malkia mweupe hana budi kujileta d2 aliwe. Farasi anamla askofu, mnahesabu: kila upande umepoteza askari 3, askofu na malkia. Sare ya kete, na yale mashambulizi yote yamekwisha.

5. Tazama saa

Mchezo wa dakika 3, mtego unalipa. Mchezo wa saa nzima kila mtu, mpinzani ana muda wa kutafuta farasi c3.

Maswali ya wanachama

Mwanachuo, UDOM: Mkuu, mimi nashinda sana na Gambiti ya Stafford. Unataka niiache?

Usiiache, ila usiipeleke kwenye mashindano. Baada ya e4 e5, farasi f3 farasi f6, mweupe kula e5, farasi c6, mweupe kula c6 nawe kula kwa askari wa d, mweupe anacheza d3. Ukija askofu c5, unaomba Mungu aende askofu g5, maana hapo farasi wako anakula e4 na mweupe akimla malkia anakufa kwa zamu mbili. Mwenye kujua anaweka askofu e2 kimya kimya, na wewe umebaki na deni la askari.

Mdau, Singida: Gambiti ya Mfalme ilishauawa au bado?

Gambiti hiyo ni e4 e5, kisha f4. Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa baadaye, alifungwa nayo na Boris Spassky, naye bingwa wa baadaye, mwaka 1960 kule Mar del Plata, Argentina; mwaka uliofuata akaandika makala kutangaza kwamba imevunjika: mweusi ale f4, kisha farasi akija f3 acheze d6. Baadaye mwenyewe akaicheza kwa weupe, ila kwa askofu c4. Jibu lake la d6 bado ni zuri, litumie.

Mama wa mwanafunzi, Mpwapwa: Shikamoo mwalimu. Kijana wangu ana miaka tisa, aanze na gambiti ipi?

Marahaba mama. Evans: e4 e5, farasi f3 farasi c6, askofu c4 askofu c5, kisha b4. Itamfundisha kushika katikati na kutoa kete haraka. Bingwa Garry Kasparov alimfunga Viswanathan Anand nayo Riga mwaka 1995, kwa hiyo si ya watoto tu. Akikaa upande wa weusi, ale, arudi a5, acheze d6, na mweupe akisukuma d4 askofu aende b6. Askari akiliwa pale katikati, asimlilie.

Mdau, Kisasa: Kocha, kwenye Englund nimeshaweka askofu c3 na malkia d2, ndio nakumbuka somo. Naponaje?

Akila c3, kula kwa farasi, si kwa malkia. Ngome ya a1 itakwenda kwa cheki, lakini hakuna chekimeti. Leta farasi d1, endelea kupambana.