Ukienda kuona Kathedro ya Buenos Aires

Kwanza usitafute minara maana kathedro hii haina, utaipita tu, mimi nilisimama hapo hapo uwanja wa Plaza de Mayo nikadhani lile jengo ni mahakama. Hesabu nguzo mbele, zikiwa 12 umefika, zinasimama kwa mitume 12. Treni ya chini ya ardhi laini D inakushusha stesheni inaitwa Catedral kabisa, hupotei.

Kabla hujaingia inua macho juu ya nguzo, kuna michongo ya Yusufu anakutana na baba yake Yakobo na ndugu zake kule Misri, watu wengi wanapita tu wanakimbilia selfi.

Kuingia ni bure. Funika mabega, kofia toa, simu weka sailenti, na kama misa inaendelea kaa nyuma utulie, usizurure na kamera mbele ya watu wanaosali jamani.

Ukishaingia, upande wa kulia kuna kaburi la San Martín, yule jenerali aliyepigania uhuru wa Argentina, alifariki Ufaransa 1850 na mwili wake ukaletwa hapa 1880. Hapo usiharakishe. Jeneza la marumaru nyeusi liko juu, limezungukwa na sanamu za wanawake watatu wanaosimama kwa nchi za Argentina, Chile na Peru, na askari wa gwaride wamesimama hapo hata kope hawapepesi.

Halafu tazama chini, sakafu yote ni mozaiki, vipande vidogo vidogo vya rangi. Papa Fransisko alikuwa askofu mkuu hapa mpaka 2013.