Chaji ikikaribia kuisha, usiizime simu yenye ufunguo wa gari

Kama ufunguo wa gari lako umo kwenye Wallet (programu ya iPhone ya kuhifadhi kadi na funguo), chaji ikibaki kidogo usiizime simu ukidhani unaiokoa. Iache izimike yenyewe. Ikizimika hivyo, iPhone XS na za baada yake hubakiza umeme kidogo wa kulisha chipu ya NFC, ile inayowasiliana kwa kugusisha simu, kwa muda usiozidi saa 5: gusisha simu kwenye kitasa mlango ufunguke, kisha iweke panaposomwa ufunguo ndani ya gari, uwashe. Ukiizima kwa mkono, akiba hiyo haipo. Hakikisha pia Express Mode, hali inayoruhusu ufunguo kutumika bila kufungua simu kwa uso au nenosiri, imewashwa. Ufunguo unaotegemea Bluetooth kupitia programu ya gari ni habari nyingine: simu ikifa, nao umekufa. Hapo beba rimoti.