Kabla hujabonyeza "lipia" au hujapanda basi la Sirari

Juzi mamdogo wangu wa Igoma kanipigia, "Mwanangu, nimeona blenda kwenye simu laki moja na nusu tu, huku madukani Makoroboi wananitajia laki mbili na nusu, niagize?" Nikamwambia mamdogo tulia kwanza, hiyo laki na nusu ni bei ya huko iliko, bado haijafika Mwanza.

Wengi tunajua VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, ni 18 kwa mia, kwahiyo mtu anachukua bei ya kwenye simu anapiga 18 anapata elfu 27 anasema aah inavumilika. Sivyo inavyopigwa. Forodha wanachukua bei ya bidhaa wanajumlisha nauli ya kuileta na bima, juu ya hapo wanaweka ushuru wa forodha, halafu ndo 18 inapigwa kwenye jumla yote, yaani unalipa kodi mpaka juu ya ushuru. Tuchukue hiyo blenda: bei 150,000, nauli 45,000, bima 5,000, inakuwa laki mbili. Tuseme imeangukia ushuru wa asilimia 25, hiyo ni 50,000, tumefika 250,000. Sasa piga 18 hapo, ni 45,000. Jumla 295,000 na bado kuna vitozo vidogo vidogo na hela ya wakala wa forodha kama utamtumia. Makoroboi kwa laki mbili na nusu unaijaribu hapohapo dukani ukiona inanguruma vibaya unaiacha.

Kwahiyo kabla hujaagiza jua kwanza kitu chako kiko kundi gani la ushuru. Nchi za Afrika Mashariki zina viwango vya pamoja kwa vitu vinavyotoka nje ya jumuiya, asilimia 0, 10, 25 na tangu 2022 kukaongezwa 35, na kitu kikiwa tayari kwa matumizi ujue mara nyingi kiko huku juu. Pia muulize muuzaji swali moja tu, hiyo bei kodi ya Tanzania imo ndani au nitalipa mzigo ukifika? Akijibu kwa kuzungukazunguka hesabu kwamba haimo.

Sasa wale wenzangu wa kupanda basi Mwanza mpaka Sirari mpakani, unavuka Isebania upande wa Kenya unanunua unarudi jioni. Kuna hii imani kwamba sisi ni jumuiya moja basi hakuna kodi, na hapa ndo watu wanapoumia. Kinachosamehewa ni ushuru wa forodha, tena kwa kitu kilichotengenezwa ndani ya jumuiya, VAT ya 18 iko palepale. Redio ya China haigeuki kuwa ya Kenya kisa umeinunua Kenya. Kama ni bidhaa ya kwao kweli na iko kwenye ile orodha ya bidhaa iliyokubaliwa, na thamani haizidi dola 2,000, omba kile cheti rahisi cha asili ya bidhaa hapohapo mpakani, usivuke bila hicho halafu uanze kubishana na afisa. Ile VAT ya 16 iliyoko kwenye risiti ya duka la Kenya nayo haipunguzi ya kwetu, ukinunua kaunta wewe ni mteja wa kawaida tu wa kule, umelipa kwao na huku unadaiwa upya. Halafu ule msamaha wa mizigo binafsi ya msafiri, kwa mkazi wa huku ni mpaka uwe umekaa nje zaidi ya saa 24. Kwenda asubuhi kurudi jioni haikuhusu ndugu yangu.

Ndugu akikutumia kitu toka ughaibuni usimwambie aandike "zawadi" na bei ya uongo. Zawadi nayo inathaminiwa, wakiona bei haiendani na kitu wanaipanga wao na unaweza kupata kesi. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza invoisi ya viatu, nikakadiriwa bei ambayo viatu vyenyewe vingeshangaa. Tunza invoisi na skrinshoti ya malipo.

Vitu visivyo na boksi navyo vina kodi, filamu za kulipia kwa mwezi, programu, magemu. Tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazouzia mtu wa kawaida huku huduma za mtandaoni zinatakiwa kujisajili na kutoza VAT, kwahiyo dola 10 inakatwa zaidi ya 10 na benki nayo ina reti yake ya dola.

Ukipokea meseji kwamba mzigo wako umezuiwa forodha tuma elfu 60 kwenye namba fulani ya simu, usitume. Kodi ya serikali inalipwa kwa kontrol namba, ile namba maalumu ya malipo ya serikali, na hata hiyo angalia jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri.

Mamdogo hajaamua mpaka leo. Ameenda kumuuliza jirani yake kama wataagiza pamoja wagawane nauli, na hapo kanizidi akili, maana nauli ikishuka na kodi yote inashuka nayo.