Jinsi ya kuchapa bango la kupinga kwa lino

Mchoro wa ukutani wanaufuta asubuhi, ila lino moja, yaani kipande cha linoleamu ya sakafuni unachokichonga kama muhuri, inakutolea nakala kibao, wakibandua hii ile ipo. Ndo maana wasanii wa Taller de Gráfica Popular, karakana ya wachapaji pale Mexico City, walioanza 1937, waliipenda sana, bei yake ndogo na inachongeka haraka.

1. Mchoro. Hapa ndo kazi ilipo, usiharakishe. Iangalie chapa ya lino iitwayo Sharecropper, Elizabeth Catlett, Mmarekani mweusi aliyefanya kazi na hao jamaa, aliichonga 1952: mama mkulima, kofia pana ya majani, na koti limeshikwa na pini. Haina neno hata moja ila ile pini inakwambia kabisa huyu mama analima shamba la mtu na jasho lake linaliwa na mwingine. Na wewe tafuta pini yako. Kama mtaani kwenu maji hayatoki usijaze umati na ofisi na mabomba, chora mkono wa mama na dumu tupu, chini andika MAJI, basi.

2. Geuza. Chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya lino, sugua nyuma. Kwenye lino lazima isomeke IJAM, na hiyo J ndo ya kuangalia maana M, A na I ukizigeuza zinabaki vilevile.

3. Chonga. Lino ikiwa ngumu ianike juani kidogo italainika. Unachotoa kitabaki cheupe, unachoacha kitakuwa cheusi, kwa hiyo anza na mistari myembamba kwa patasi yenye ncha ya V halafu maeneo makubwa kwa ya U. Mkono unaoshikilia ukae NYUMA ya patasi, siku zote, usinibishie hapa.

4. Wino. Utandaze kwenye kioo kwa rola, uwe mwembamba, ukizidi utaziba mistari yote. Halafu pitisha rola hiyo juu ya lino.

5. Chapa. Weka karatasi juu, sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao, nyanyua kona moja uchungulie, pakififia rudisha usugue tena. Huna haja ya mashine.

6. Anika kwenye kamba, wino wa mafuta unachukua siku kadhaa. Halafu koroga uji wa unga wa ngano, paka ukutani, bandika, paka tena juu yake, hapo mtu akitaka kulibandua atalichana vipandevipande.