Tramadol baada ya kupasuliwa mfupa
Aliyetoka hospitali ya Mnazi Mmoja na chuma mguuni, parasetamoli ndiyo ya kumeza kwa saa: gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, kwa mtu mzima mwenye ini zima. Tramadol aliyoandikiwa, dawa ya maumivu yenye nguvu zaidi, miligramu 50, ameze saa moja hivi kabla ya mazoezi ya mguu. Kidonge huchukua muda huo kukolea, na mguu usiokunjwa hukakamaa. Akiwa amefunga, dozi za mchana zisirundikwe kwenye futari: tramadol ikizidi hudhoofisha pumzi, huleta degedege. Maumivu yakipanda juu ya dawa na vidole vikafa ganzi ndani ya plasta, msiongeze kidonge, mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo.