Somo: Kutambua na Kurekebisha Hitilafu za Jiko la Gesi la Nyumbani

Somo hili linahusu jiko la gesi ya mtungi, la sahani mbili hadi nne, lenye oveni au lisilo nayo, ambalo limeenea sana majumbani Tanzania na Kenya. Mafundi wengi wakiitwa huanza kwa kufungua skrubu. Ushauri wangu ni kwamba uanze kwa kuutazama moto, kwa sababu hitilafu nyingi za jiko hazitokani na gesi bali na hewa inayopaswa kuchanganyika nayo. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na ujazo mmoja wa propani huhitaji takriban ujazo 24 wa hewa ili uungue wote. Kwa hiyo uchafu kidogo tu unaoziba njia ya hewa hubadili moto wote. Moto mzuri ni wa bluu, umekaa juu ya matundu yake, na hautoi masizi. Moto wa njano na mrefu unakosa hewa. Moto unaonyanyuka juu ya matundu na kuvuma unapata hewa au mgandamizo kupita kiasi. Moto unaorudi ndani kwa mlio wa "pu!" na kuungulia chini ya kichomeo (sehemu ya sahani inayotoa moto), mara nyingi sababu yake ni kifuniko ambacho hakikukaa sawa.

Hatua ya kwanza: hakikisha gesi haivuji. Zima vifungo vyote vya jiko, fungua vali ya mtungi, kisha pakaza povu zito la sabuni kwa brashi kwenye shingo ya mtungi, kwenye regulata (kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza mgandamizo wa gesi), na kwenye ncha zote mbili za mpira pale unapobanwa na vibano. Povu likianza kuvimba mahali, hapo panavuja. Usitumie kiberiti kutafuta uvujaji hata kama umeona fundi akifanya hivyo mbele yako. Ukikuta unavuja, funga mtungi, fungua milango na madirisha, wala usiwashe au kuzima taa na feni, kwa kuwa cheche ndogo ya swichi inatosha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni na kwenye mifereji; dirisha la juu peke yake haliitoi.

Mpira ukunje kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo kwenye mkunjo, au ukihisi umekakamaa, nunua mwingine wa gesi na ubadilishe vibano pamoja nao. Usiupitishe nyuma ya oveni. Regulata haifunguliwi wala haitengenezwi, ikiharibika hubadilishwa. Tena iwe ya mgandamizo mdogo inayofaa jiko la nyumbani, si ile ya kurekebishwa kwa mkono ambayo mama lishe hutumia kwenye majiko makubwa ya chuma.

Hatua ya pili: pima mtungi. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Upime kwenye mizani, toa uzito huo, na kinachobaki ndicho kiasi cha gesi. Nimeona majiko yaliyofunguliwa vipande vipande ilhali mtungi ulikuwa umebakiza nusu kilo.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo humaliza kazi mara nyingi, ni kusafisha kichomeo. Funga mtungi na uache sahani zipoe. Nyanyua kifuniko, kisha pete yenye matundu, uvitazame dhidi ya mwanga. Utakuta uji uliofurika na kukauka, maji ya maharage, chembe za kutu, na katika jiko lililokaa muda bila kutumika, utando wa buibui ndani ya bomba la kuchanganyia hewa. Utando huo hauonekani kwa juu, nao ni sababu ya kawaida ya moto wa njano kwenye sahani moja huku nyingine zikiwaka vizuri. Loweka vipande hivyo katika maji ya moto yenye sabuni, sugua kwa mswaki wa zamani, na zibua kila tundu. Bomba lipitishie brashi ndefu ya kuoshea chupa. Kausha kabisa kabla ya kurudisha, maana tundu lenye tone la maji halitoi moto, na utadhani kazi yako haikusaidia. Unaporudisha kifuniko, kizungushe taratibu mpaka kikae kwenye vijino vyake. Kikiinama hata kidogo, moto utawaka upande mmoja.

Hatua ya nne ni nozeli, kipande kidogo cha shaba chini ya kichomeo chenye tundu jembamba linalorusha gesi. Kwenye majiko mengi hufunguliwa kwa spana ya milimita 7. Hapa ndipo watu huharibu jiko zima kwa nia njema: wanachokonoa kwa sindano au msumari, na kwa kuwa shaba ni laini, tundu hupanuka, gesi huzidi, na sufuria huanza kupata masizi ambayo hakuna usafi utakaoyaondoa. Njiti ya meno nayo huvunjikia ndani. Chukua uzi mmoja mwembamba wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme, upitishe tundu bila kulazimisha, kisha puliza. Namba iliyochongwa ubavuni mwa nozeli kwa kawaida huonyesha upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 70 ni milimita 0.70. Nozeli za sahani kubwa na ndogo hazifanani. Zipange mezani kwa mpangilio wa sahani zake ili usizibadilishane. Baada ya kuzirudisha na kuzikaza bila kutumia nguvu nyingi, rudia kipimo cha povu.

Baadhi ya majiko yana kidirisha cha hewa, yaani pete inayozunguka kwenye mdomo wa bomba. Ikiwa moto bado ni wa njano baada ya usafi, kifungue kidogo kidogo moto ukiwa unawaka. Ukianza kunyanyuka, kirudishe nyuma.

Maswali ya wanachama

Swali (Njombe): Shikamoo mwalimu. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai moto wangu hufifia nikiwasha sahani tatu, ingawa mtungi bado ni mzito. Jirani amenishauri niuweke kwenye beseni la maji ya moto.

Jibu: Marahaba. Butani huacha kugeuka kuwa gesi inapokaribia nyuzi sifuri za Selsiasi, wakati propani huendelea hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Zaidi ya hapo, kimiminika kinapogeuka gesi hujipoza chenyewe, na ndiyo maana mtungi mdogo unaolisha sahani tatu hutoa jasho na kuwa baridi mkononi. Tumia mtungi mkubwa zaidi, au punguza sahani zinazowaka pamoja. Maji ya moto usiyatumie, wala usiulaze mtungi ubavu, kwani kimiminika kitaingia kwenye regulata.

Swali (Tanga): Ndugu mwalimu, nimenunua jiko la mtumba lililotoka Ulaya. Moto ni mrefu, wa njano, na sufuria zimekuwa nyeusi. Nimesafisha kila kitu.

Jibu: Inaelekea jiko lako lilitengenezwa kwa gesi asilia ya bomba, kama ile inayofika kwenye baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara. Gesi hiyo hutumia nozeli zenye matundu makubwa zaidi. Tazama kibandiko cha nyuma kinachotaja aina ya gesi, kisha nunua seti ya nozeli za gesi ya mtungi zinazolingana na jiko hilo. Moto mdogo nao utahitaji kurekebishwa kwa skrubu iliyo ndani ya shina la kifungo. Mpaka hapo usilitumie, kwa sababu moto wa aina hiyo hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu.

Swali (Mombasa): Oveni yangu huwaka nikishikilia kifungo, nikiachia tu inazima. Ni vali imekufa?

Jibu: Huenda vali ni nzima. Karibu na moto wa oveni kuna kijiti cha chuma, thamokapo, ambacho kikipata joto huzalisha umeme mdogo sana wa kushikilia vali iwe wazi. Kikipakwa masizi, au kikisogea nje ya moto, vali hujifunga, na hiyo ndiyo kinga yake. Mtungi ukiwa umefungwa, kisugue kwa msasa laini, kirudishe pale moto unapokigusa ncha, na kaza nati yake upande wa vali kwa mkono kisha robo mzunguko. Unapowasha, shikilia kifungo sekunde kumi na zaidi. Ikiwa bado inazima, badilisha thamokapo kwanza, kwani bei yake ni ndogo kuliko ya vali.

Swali (Morogoro): Niliosha jiko jana, tangu hapo kiwashio kinalia tiki-tiki hata sijagusa kitu.

Jibu: Maji yameingia kwenye swichi zilizo chini ya vifungo. Chomoa umeme au toa betri, vua vifungo, na uache jiko likauke siku nzima mahali penye upepo.

Swali (Nairobi): Kifungo kimoja kimekuwa kigumu. Naweza kutia mafuta ya kupikia?

Jibu: Hapana. Mafuta ya kupikia hugeuka kama gundi kwa joto, na kifungo kitakwama kikiwa wazi. Vali hiyo huhitaji grisi maalumu ya vali za gesi inayostahimili joto, nayo ikifunguliwa vibaya huvuja ndani kwa ndani. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye ujuzi wa vali, na akimaliza, povu la sabuni lipake wewe mwenyewe kabla hajaondoka.