Namna ya Kufundisha Asili ya Umethodisti

Ukiandaa somo hili kwa vijana wa Dar es Salaam, anza na makanisa wanayoyafahamu, yaani lile la Kilutheri la Azania Front na lile la Kianglikana la Mtakatifu Albano, kwa kuwa Umethodisti una mizizi katika Ulutheri na Uanglikana. Kisha eleza jioni ya tarehe 24 Mei 1738 mjini London, ambapo John Wesley, kasisi wa Kianglikana aliyeanzisha Umethodisti, alisikia ukisomwa utangulizi wa Martin Luther kwa Waraka kwa Warumi, akahisi moyo wake ukipata joto la ajabu. Usiharakishe hapo. Linganisha baadaye Ibara 39 za Kianglikana, yaani kauli za imani za kanisa hilo, na 24 alizozibakiza Wesley mwaka 1784 kwa ajili ya Wamethodisti wa Marekani. Sahihisha pia dhana, ambayo nami niliwahi kuifundisha, kwamba alihama kanisa lake: alifariki mwaka 1791 akiwa bado kasisi wa Kianglikana.